Kahawa ya komando na askari wa godauni

Saa nane usiku Vingunguti haijalala. Ng'ombe waliotoka mnada wa Pugu wako machinjioni, wachunaji wameshika visu, bodaboda na Kirikuu zinasubiri nyama ili zifike buchani kabla watu hawajaamka. Upande wa Barabara ya Nyerere kuna magodauni, na kila geti lina askari wake. Katikati ya hao wote anapita muuza kahawa, birika juu ya jiko la mkaa mkono mmoja, vikombe na kashata mkono wa pili.

Mimi nilikuwa natoka kumsindikiza ndugu yangu kupakia mzigo, tukakaa kijiweni tupate kikombe. Kama kawaida ya kijiwe, mazungumzo yalianzia kwenye mpira yakaishia jeshini. Kijana mmoja wa bodaboda akasema ameona kwenye simu yake kwamba makomando wa Marekani wamepimwa, wakakaa siku tatu bila kulala, wakapewa kafeini, wakawa wakali kama kawaida. "Kwa hiyo kulala ni mazoea tu," akamalizia, na kopo lake la kinywaji cha kuongeza nguvu mkononi.

Askari wa geti la jirani, mzee wa makamo, akanigeukia. Nilikuwa nimeshamwamkia, na alishajua ninasoma chuo. "Wewe msomi, si ndo mambo yenu haya? Mimi nakunywa vikombe vinne kila usiku. Je, mimi komando au siyo komando?"

Watu wakacheka. Mimi nikamwomba anipe siku chache nisome kwanza. Hili ndilo jibu langu kwake, na kwako wewe unayesoma, maana najua wengi wenu mnasoma hapa mkiwa zamu.

Utafiti upo, na ni mzuri

Tuanze kwa haki. Kijana wa bodaboda hakutunga. Utafiti ulichapishwa mwaka 2002 katika jarida la Psychopharmacology, ukiongozwa na Harris Lieberman, mtafiti wa jeshi la nchi kavu la Marekani. Waliopimwa ni vijana 68 waliokuwa kwenye mafunzo ya kujiunga na makomando wa majini, wale wanaoitwa Navy SEAL. Mafunzo hayo yana wiki moja ambayo wenyewe wanaiita Wiki ya Jehanamu: baridi, maji ya bahari, kukimbia, kubeba mizigo, na usingizi wa kuibia ibia.

Baada ya saa 72 za kukosa usingizi, vijana waligawanywa kwa bahati nasibu. Kuna waliopewa kidonge chenye miligramu 100 za kafeini, wengine 200, wengine 300, na wengine kidonge bandia kisicho na kitu. Kisha wakapimwa saa moja baadaye, na tena saa nane baadaye.

Matokeo: waliopata 200 na 300 walifanya vizuri zaidi kuliko waliopata kidonge bandia. Macho yao yaliwahi kuona alama ndogo zinazotokea kwenye skrini, vidole vyao viliwahi kubonyeza, walijifunza mfuatano wa vitufe haraka zaidi, na wenyewe walisema wanasikia uchovu na usingizi kidogo. Nguvu kubwa ilionekana saa moja baada ya kumeza, lakini hata saa nane baadaye bado ilikuwepo. Kwa hesabu za watafiti, 200 ilitosha.

Ninaupenda utafiti huu. Kupima watu maabara kwenye kiyoyozi ni rahisi, ila hawa walikwenda kuwapima watu waliochoka kweli, na wakaweka kundi la kidonge bandia ili matumaini ya mtu yasichanganywe na dawa.

Kwa nini kafeini inafanya kazi? Tangu unapoamka, ubongo unakusanya kemikali inayoitwa adenosini. Kadiri unavyokaa macho, ndivyo inavyoongezeka, inakaa kwenye vipokezi vyake kama abiria kwenye siti, na kila siti ikijaa unasikia usingizi zaidi. Kafeini ina umbo linalofanana nayo. Inawahi siti. Adenosini inafika, inakuta pamejaa, inabaki imesimama mlangoni. Ila haijashuka garini, na kafeini ikiondoka itakaa tu. Picha hii ndiyo inayoeleza karibu kila kitu kinachofuata.

Kosa la kwanza: macho yaliamka, mkono haukuamka

Katika utafiti huohuo vijana walipimwa pia kulenga shabaha kwa bunduki. Hapo kafeini haikubadilisha kitu. Watafiti wenyewe waliandika wazi kwamba kulenga ni kazi inayotaka mkono uliotulia na misuli midogo inayotii, na kafeini haikuigusa.

Sentensi hiyo haifiki kijiweni. Haiingii kwenye video ya dakika moja. Kwa Vingunguti ndiyo sentensi muhimu kuliko zote.

Fikiria mchunaji saa tisa usiku. Kazi yake siyo kubonyeza kitufe taa inapowaka. Anapitisha kisu kati ya ngozi na nyama, sakafu ina maji na damu, mwenzake yuko nusu mita kutoka kwake. Kazi hiyo inafanana zaidi na kulenga shabaha kuliko na mchezo wa skrini. Sisemi kwamba waliopimwa shabaha ni sawasawa na wachunaji. Nasema kwamba ukinipa matokeo mawili na kuniuliza lipi liko karibu na kisu, nitachagua la bunduki.

Sasa ongeza hili: vijana waliopata kafeini walijisikia vizuri. Uchovu ulipungua kichwani mwao. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na kichwa kinachosema "niko fiti" na mkono ambao haujapata msaada wowote. Mtu anayejua amechoka anapunguza mwendo. Anayejisikia fiti anaongeza.

Na hata yale yaliyopanda, hayakupanda hadi hali ya mtu aliyelala. Neno walilotumia watafiti ni kwamba kafeini ilipunguza madhara mengi ya kukosa usingizi. Kupunguza siyo kufuta. Kulinganisha kulikuwa kati ya mchovu aliyemeza kafeini na mchovu aliyemeza kidonge bandia. Kijana wetu wa bodaboda aliposema "wakali kama kawaida", alilinganisha na mtu aliyelala. Huyo mtu hakuwepo kwenye shindano.

Kosa la pili: usiku mmoja siyo kila usiku

Wiki ya Jehanamu inaisha. Jina lenyewe linasema: wiki. Dozi ilikuwa moja. Vipimo vilikuwa viwili. Baada ya hapo, anayemaliza analala.

Mzee wetu wa getini hana wiki ya jehanamu. Ana miaka. Swali lake siyo "kafeini itanisaidia usiku wa tatu?" Swali lake ni "kafeini inanisaidia usiku wa mia tatu?"

Na hili nalo jeshi la Marekani lililipima, katika taasisi yake ya utafiti ya Walter Reed. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 kwenye jarida la Sleep. Watu 48 wenye afya walilala saa tano tu kwa usiku, kwa siku tano mfululizo. Nusu walipewa miligramu 200 za kafeini mara mbili kila siku, asubuhi na mchana. Nusu walipewa kitu bandia. Siku za mwanzo kafeini ilisaidia. Baada ya usiku wa tatu faida ikapotea. Dozi ileile, watu walewale, tofauti ni kwamba deni lilikuwa limekua.

Kwa nini utafiti wa mwaka 2002 unazunguka mitandaoni na wa 2017 hauzunguki? Wa kwanza una makomando, baharini, usiku, mashujaa. Wa pili una watu wanaolala saa tano kitandani halafu wanabonyeza vitufe. Nani atautengenezea video? Lakini wa pili ndio unaofanana na maisha ya Temeke, Buguruni na Gongo la Mboto, ambako mtu halali siku tatu kwa mkupuo, ila analala saa tano, nne, tano, nne, mwaka mzima.

Kuna jambo lingine la mazoea. Mwaka 2010, Peter Rogers na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walichapisha utafiti wa watu 379. Waliona kwamba kwa mtu aliyezoea kafeini, kikombe cha asubuhi kwa sehemu kubwa kinamrudisha tu mahali alipo asiyekunywa kabisa. Kichwa kilichokuwa kinauma na uzito wa macho ulitokana na kukosa kafeini yenyewe. Watu wale walikuwa wamelala usiku wao, kwa hiyo tusiuhamishe utafiti huo moja kwa moja hadi kwa mtu aliyekesha. Lakini mzee wa vikombe vinne kila usiku ajiulize: kikombe cha kwanza kinamwongezea kitu, au kinalipa deni la jana?

Kosa la tatu: tumesahau msongo

Jeshi linapima kafeini kwa sababu vita ina mambo mawili kwa pamoja, kukosa usingizi na msongo. Mwili ukiwa kwenye msongo unatoa homoni inayoitwa kotisoli. Kwa muda mfupi kotisoli ni rafiki: inaleta sukari kwenye damu, inakuweka tayari. Ikikaa juu muda mrefu, siyo rafiki tena.

Kafeini nayo inapandisha kotisoli. Mwaka 2005 William Lovallo na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa watu 96, wanaume 48 na wanawake 48. Waliokaa siku tano bila kafeini kisha wakapewa, kotisoli yao ilipanda na kubaki juu kutwa nzima. Waliokuwa wakinywa miligramu 300 au 600 kwa siku, mwili ulishazoea dozi ya asubuhi, haikuwashtua. Lakini walipopewa dozi ya pili saa saba mchana, kotisoli ikapanda tena hadi jioni. Yaani mwili unazoea, ila nusu nusu.

Askari wa godauni anakaa gizani akisikiliza kila mlio wa bati, akijua kwamba kitu kikiibwa atakatwa mshahara au atalala mahabusu. Huo ni msongo tosha, hauhitaji bahari ya California. Kikombe cha nne saa kumi alfajiri kinamwongezea kengele kwenye mwili ambao tayari unalia kengele. Moyo unadunda, mkono unatetemeka kidogo, na yeye anasema "kahawa ya leo kali."

Bili inakuja mchana

Tufanye hesabu ndogo. Kwa mtu mzima wa kawaida, mwili unachukua kama saa tano kuondoa nusu ya kafeini. Tuseme mzee amekunywa jumla ya miligramu 200 saa kumi alfajiri. Saa tatu asubuhi, wakati ameshatoka zamu, amefika nyumbani na anajilaza, bado ana kama 100. Saa nane mchana bado ana kama 50. Na analala chini ya bati, jua la Dar, watoto wanacheza nje, jirani kafungulia muziki.

Mwaka 2013 watafiti wa Detroit waliwapa watu miligramu 400 saa sita kabla ya kulala. Usingizi wao ulipungua kwa zaidi ya saa nzima. Saa sita kabla! Wengi wetu tunadhani saa sita ni mbali.

Kwa hiyo duara ni hili: kahawa ya alfajiri inaiba usingizi wa mchana, usingizi ulioibiwa unaleta zamu nzito zaidi, zamu nzito inaita kahawa zaidi. Komando hayumo kwenye duara hili, kwa sababu mtu mwingine ndiye aliyempangia dozi, saa, na siku ya kulala.

Kwa mama lishe anayechemsha supu ya makongoro saa kumi alfajiri akiwa mjamzito, hesabu ni nyingine kabisa. Ujauzito unachelewesha mwili kuondoa kafeini, hadi mara kadhaa zaidi miezi ya mwisho. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya mwaka 2015 iliweka kikomo cha miligramu 400 kwa siku kwa mtu mzima mwenye afya, na 200 kwa mjamzito. Vijana 68 wa Lieberman wote walikuwa wanaume, wenye mapafu na moyo uliochujwa na jeshi. Mama lishe hakuwakilishwa.

Ukosoaji wangu hasa

Sasa niseme kinachonisumbua, na hapa siwalaumu watafiti wa 2002 kwa kazi waliyofanya. Nalaumu swali.

Utafiti wa jeshi unajibu swali la kamanda: nitamfanyaje mtu aendelee kufanya kazi wakati haiwezekani alale? Vitani swali hilo lina maana. Adui hasubiri ulale. Lakini swali hilo likivuka bahari, likaingia kwenye matangazo ya makopo na maneno ya kijiweni, linageuka kuwa: nitamfanyaje mtu aendelee kufanya kazi, basi. Ile sehemu ya "wakati haiwezekani alale" inadondoka njiani. Na kumbe Vingunguti kulala kunawezekana. Hakuna adui. Kuna ratiba tu, na ratiba iliandikwa na mtu.

Kiswahili chetu nacho kinachangia. Tunasema "askari" kwa mwanajeshi, kwa polisi na kwa mlinzi wa geti. Neno moja, lakini mmoja ana daktari wa kikosi, chakula cha kikosi na kamanda anayewajibika akianguka. Mwingine ana kiti cha plastiki na tochi.

Sheria inamjua huyu wa pili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne. Inataka mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku na siku, na saa 24 kwa wiki. Usiku, kuanzia saa mbili hadi saa kumi na mbili asubuhi, mfanyakazi anaongezewa asilimia 5 ya mshahara wake kwa kila saa. Na anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apate mapumziko ya dakika 60.

Piga hesabu mwenyewe. Zamu ya saa 12, usiku sita kwa wiki, ni saa 72. Kwa wiki nne ni saa 288. Sheria, ukijumlisha za kawaida na za ziada, inafika 230. Saa 58 zilizobaki haziwezi kujibiwa na kahawa.

Zile dakika 60 nazo ziangalie vizuri. Mwaka 1997 Louise Reyner na Jim Horne wa Loughborough, Uingereza, waliwapa madereva wenye usingizi miligramu 150 za kafeini, kisha wakawaacha wajilaze kwa chini ya dakika 15, halafu wakawapima kwenye gari la kuigiza. Kahawa pamoja na kulala kidogo ilipunguza makosa ya kutoka njiani kuliko kahawa peke yake. Siri ni ileile ya siti: kafeini inachukua kama nusu saa kufika, na ule usingizi mfupi unashusha abiria kadhaa kabla haijafika. Kwa hiyo mapumziko ya sheria yanatosha mara nne kwa dawa iliyopimwa. Ila sheria hiyohiyo inaruhusu mtu afanye kazi wakati wa mapumziko kama kazi haiwezi kuachwa bila mtu, au hakuna mwingine wa kuifanya. Na geti lenye askari mmoja, ndiyo hali hiyo.

Nilirudi

Nilirudi kijiweni wiki iliyofuata. Nikamwambia mzee kwamba yeye siyo komando, na hiyo siyo aibu, kwa sababu komando mwenyewe hawezi kuwa komando kwa mwaka mzima. Nikamweleza anywe mapema: kikombe kimoja anapoanza zamu, kingine kabla ya saa nane usiku, halafu basi. Akitaka kujilaza dakika 15, anywe kwanza ndipo ajilaze. Asubuhi akifika nyumbani aweke kanga nzito dirishani na awaombe watoto wamsaidie kwa utulivu.

Akasikiliza hadi mwisho. Akaniuliza, "Hizo dakika 15, getini atakaa nani?"

Sikuwa na jibu la maabara. Yule kijana wa bodaboda ndiye aliyejibu, akasema akiwa hana abiria anaweza kukaa pale robo saa, ila mzee naye amtunzie pikipiki yeye alale robo saa. Wakakubaliana. Sijui kama mwenye godauni angefurahi kusikia, na nadhani huyo ndiye anayetakiwa kuongeza askari wa pili.

Wewe unayesoma hii ukiwa zamu, kafeini ni chombo, itumie kama chombo. Mtu akikuambia hata makomando wanaitumia, mwulize maswali matatu: walikaa siku ngapi, walilala lini baada ya hapo, na shabaha yao ilikuwaje?